Kilo ya Korosho Ina Nini Ndani

Ifikapo Oktoba, kusini mwa Tanzania hakuna habari inayosafiri haraka kuliko bei. Mnada unafanyika Newala au Tandahimba, na kabla viongozi wa chama kikuu hawajainuka kwenye viti, mtu aliyeko Nachingwea ameshaipata namba kwenye simu yake: shilingi elfu tatu na ngapi kwa kilo, au mwaka ukiwa mzuri, elfu nne na ushee. Namba hiyo ndiyo itakayoamua ada za shule, mabati, harusi na idadi ya pikipiki mpya barabarani kufikia Krismasi. Sishangai watu wakiisubiri kama wanavyosubiri mwandamo wa mwezi. Ninachoshangaa ni kwamba katika zogo lote hilo kuna swali moja ambalo mnunuzi huliuliza kila siku na mkulima halisikii likitajwa: kilo hiyo ina nini ndani?

Korosho ghafi, kwa uzito wake, ni ganda. Takriban sehemu saba kati ya kumi ni ganda gumu lenye utomvu unaounguza ngozi, pamoja na kile kiganda chembamba cha kahawia kinachovaa kiini. Mnunuzi aliyetoka Vietnam au Kollam kule India hakuvuka bahari kufuata ganda. Ana kipimo chake, nacho ni ratili za kiini kizuri zinazotoka kwenye gunia la kilo 80. Korosho ya ratili 50 itampa kilo 22.7 za kiini kwa gunia. Ya ratili 45 itampa kilo 20.4. Kwenye mizani ya chama magunia hayo mawili ni ndugu pacha, yote kilo 80. Lakini chukua shehena ya tani 1,000, yaani magunia 12,500, ukazidishe tofauti hiyo: ni tani 28 za kiini. Hakuna mfanyabiashara duniani anayefumbia macho tani 28 za korosho iliyobanguliwa.

Kipimo chenyewe si siri wala hakihitaji maabara. Mchukua sampuli huchoma magunia kwa bambo, moja baada ya jingine, huku na kule kwenye rundo, asije akapewa magunia ya mbele yaliyopambwa. Huchanganya alichopata, hupima kilo moja, huhesabu korosho zilizomo, kisha hukata kila moja katikati. Mezani hutokea mafungu. Viini vyeupe vilivyojaa hukaa peke yake. Vyenye madoa hukaa kando, na hivi huhesabiwa nusu ya uzito wake. Halafu kuna vilivyosinyaa, vilivyooza, vilivyoota ukungu, na maganda matupu yasiyo na kitu. Anayeijua kazi huimaliza upesi, na akiinuka pale anaujua msimu wako mzima: ulipuliza dawa lini, uliokota lini, ulianika kwa siku ngapi.

Ukirudi kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika kijijini, mambo ni tofauti. Mkulima anashusha gunia lake, linatazamwa kwa jicho, linatikiswa, linaitwa daraja la kwanza au la pili, linapimwa, anapewa stakabadhi. Kisha korosho yake inachanganyika na ya kijiji kizima na kupelekwa ghala kuu. Daraja la kwanza ni pana mno: aliyehudumia shamba lake tangu Mei na aliyelikumbuka Septemba wote wanaweza kuingia humo. Mnada ukija, ghala linauzwa kwa wastani wake, na wastani huo ndio unaogawiwa kila mtu. Kwa maneno mengine, mwenye korosho ya ratili 52 anamlipia jirani yake mwenye 44, na hakuna karatasi inayomwambia hivyo. Mimi nasema hapa ndipo penye kidonda cha zao hili, kuliko hata bei yenyewe.

Ili kuona kwa nini jicho halitoshi, inabidi kuutazama mkorosho ukiwa shambani.

Asili yake ni pwani ya kaskazini-mashariki mwa Brazil. Wareno waliubeba katika karne ya 16 hadi India na pwani yetu, na ulikuta udongo wa kichanga na kiangazi kirefu ukajiona nyumbani. Ni wa ukoo mmoja na mwembe na mng'ongo, na kama mwembe, haubaki uchi: majani mapya huingia kabla ya yale ya zamani kuisha. Mvua za kusini zikikatika, mwezi Mei au Juni, mti hutoa machipukizi laini, na kwenye ncha za machipukizi hayo hutokea mikungu ya maua. Mkungu mmoja una mamia ya maua, lakini mengi ni madume tu. Machache ndiyo yenye uwezo wa kuzaa, na kati ya hayo mengi hupukutika. Mkungu ukikupa korosho chache zilizokomaa, umeshukuru.

Sasa angalia mpangilio wa ukuaji. Korosho ndiyo tunda lenyewe, nayo hutangulia. Huwa kijani, hunenepa hadi kufikia ukubwa wake wote ndani ya mwezi mmoja na kidogo, kisha huanza kukakamaa na hata kunywea. Wakati huo ndipo kikonyo chake huvimba haraka na kuwa bibo, jekundu au la manjano. Ganda basi hufikia kimo chake kabla kiini hakijajaa. Chochote kitakachoudhoofisha mti au kuidunga korosho katika wiki hizo kitakuachia ganda la kawaida lenye kiini cha kubahatisha. Ukiishika mkononi huoni tofauti, mpaka uikate.

Adui wa kwanza ni ubwiri unga. Ni ukungu mweupe unaokaa juu ya machipukizi na maua kama jina lake linavyosema, na una tabia inayowachanganya wageni wa kilimo: hautaki mvua. Mvua huuosha. Unachotaka ni hewa yenye unyevu, umande wa alfajiri na joto la wastani, yaani hali ile ile ya uwanda wa Makonde kati ya Juni na Septemba, mkorosho ukiwa umefungua maua. Maua yaliyoshikwa hugeuka kahawia na kukauka bila kufunguka. Ukungu ukichelewa ukakuta korosho changa, huzikwaruza ngozi na kuzidumaza. Ulibainika nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, na ndani ya miaka michache ulikuwa umeenea kusini kote. Kuna mashamba yaliyochanua vizuri tu na yasiyotoa gunia.

Jibu lilitoka Naliendele, kituo cha utafiti kilichoko nje kidogo ya mji wa Mtwara, nalo lilikuwa salfa ya unga. Robo kilo kwa mti mkubwa, kila baada ya wiki mbili, kuanzia mikungu inapochomoza hadi korosho zishike. Kazi hufanywa alfajiri, kabla upepo haujaamka na umande ungali juu ya majani ili unga ushike. Mtu anabeba mashine mgongoni, amejifunga kitambaa puani, na wingu la manjano linapanda hadi kileleni na kushuka taratibu. Ikifika saa tatu asubuhi, macho yanawasha na upepo umeanza kumchukulia jirani salfa yako. Sehemu kubwa ya faida ya zao hili imejengwa katika saa hizo chache za giza na baridi.

Lakini salfa haiponyi. Inalinda. Ua lililokwisha kuungua haliamshwi na unga wowote, ndiyo maana mfuko wa salfa uliofika kijijini Agosti ni nusu mfuko, hata kama umetolewa bure. Katika misimu ya karibuni serikali imegawa salfa na viuatilifu vya maji kwa ruzuku, na si haba, uzalishaji umepanda. Hata hivyo ningependa tuambiwe tarehe za kufika kwa pembejeo kwa sauti ile ile tunayoambiwa idadi ya tani zilizogawiwa. Kuna pia deni jingine lisilozungumzwa: salfa ikianguka chini hugeuka tindikali, na udongo wa kichanga wa kusini hauna nguvu ya kuihimili miaka nenda rudi. Watafiti wa Naliendele wamelieleza jambo hili kwa muda mrefu. Dawa ya kwanza ya kupunguza salfa ni panga: kuondoa kabla ya msimu vile vichipukizi vinavyoota ndani ya kivuli cha mti, kwa sababu ndimo ukungu unamojificha kungojea maua. Kazi ya siku chache mwezi Mei, ambayo wengi huiruka kwa kuwa haina mfuko wa ruzuku.

Adui wa pili hana unga. Mbu wa mikorosho, pamoja na kunguni wa minazi, huchoma machipukizi na korosho changa na kunyonya utomvu, na pale walipochoma hubaki alama nyeusi. Yale madoa yanayohesabiwa nusu kwenye meza ya kukatia, mengi yametokana na midomo ya hawa. Kuna dawa za kupuliza, lakini kuna pia mlinzi anayefanya kazi bila posho: majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani na kuishi mtini. Mti wenye majimoto wa kutosha huwa na madoa machache, kwa sababu wanawasaka wadudu hao usiku na mchana. Wakulima wengi huwaua. Siwalaumu sana, aliyewahi kuokota korosho chini ya mti wao, nao wakamwingia shingoni, hahitaji kuelezwa. Ila mkorosho mzuri haupandwi wakati wa kuvuna, korosho huachwa ianguke yenyewe, kwa hiyo ugomvi wetu na majimoto ungeweza kupunguzwa na reki na viatu. Nao wakiuawa, mara nyingi nafasi yao huchukuliwa na sisimizi wadogo wasiomfanya kunguni lolote.

Nafasi ya kupandia ndiyo inayoonyesha nani anafikiria miaka 30 mbele. Ushauri ni mita 12 kwa 12, ambayo ni kama miti 28 kwa ekari, na mkulima mpya hulia akiuona uwazi ule. Miaka mitatu ya mwanzo apande kunde, karanga, mbaazi au mihogo katikati, hakuna hasara. Mkorosho huchanua kwenye ncha zinazopigwa na jua tu. Matawi ya miti miwili yakishagusana, ubavu ule hauzai tena, unabaki kuwa chumba chenye unyevu kwa ajili ya ubwiri. Mti huu hauna haya ya kutanuka: kule Pirangi, karibu na mji wa Natal nchini Brazil, kuna mkorosho mmoja ambao matawi yake yameinama, yakagusa ardhi, yakaota mizizi na kuendelea, hata sasa umefunika mita za mraba zipatazo 8,500, zaidi ya ekari mbili. Watalii wanalipa kiingilio kuuona. Shambani kwako ungekuwa janga.

Mikorosho iliyozeeka si lazima ing'olewe. Hukatwa, ikaachwa ichipue, na machipukizi yakabebeshwa vikonyo vya aina bora zilizochaguliwa Naliendele, zinazostahimili ukungu kwa kiasi na kuzaa korosho kubwa. Mizizi ya zamani, ambayo imeshuka chini sana kutafuta maji, inalisha mti mpya, na mavuno hurudi mapema kuliko ya mche. Atakayepanda upya achukue mche uliobebeshwa. Mbegu iliyookotwa chini ya mti mzuri haitoi mtoto anayefanana na mama yake, na utakuja kulijua hilo baada ya miaka mitano.

Kuvuna kunaonekana rahisi, na hapo ndipo kazi yote huharibikia. Korosho iliyokomaa huanguka na bibo lake. Chini ya mti pawe pamefyekwa na kufagiliwa, uokote kila siku au kila baada ya siku mbili, utenganishe na bibo kwa kunyonga bila kuacha kipande cha nyama, kisha uanike juani siku mbili hadi tatu kwenye sakafu au mkeka huku ukigeuza. Iliyokauka hulia ukiitikisa, na ukucha hauingii kwenye ganda. Unyevu uwe umeshuka hadi asilimia 8 au 10. Zaidi ya hapo, kiini kitaota ukungu ndani ya gunia wakati ganda nje linang'aa. Tumia gunia la katani au juti linalopumua. La plastiki huifanya korosho itoke jasho.

Na hapa kangomba inaingia. Watu wengi huizungumzia kama wizi wa bei tu: mtu mwenye fedha taslimu anamwahi mkulima mwenye shida mwezi Agosti au Septemba, anampimia kwa kibaba chake, kisha anasubiri mnada. Ni kweli ni wizi wa bei. Lakini vilevile ni uharibifu wa kiini. Mwenye deni la kangomba haokoti korosho iliyoanguka. Anapanda mti na kuangua zilizo kijani, anazianika nusu siku, anapeleka. Hizo ndizo zinazojaza fungu la viini vilivyosinyaa, na zikishaingia ghalani zinashusha ratili za kijiji kizima. Polisi wamewakimbiza wanunuzi wa kangomba miaka mingi. Mkopo mdogo wa Agosti, unaolipwa kwa stakabadhi ya Oktoba, ungewakimbiza haraka zaidi.

Tumewahi kulipa gharama kubwa kwa kuhesabu tani bila kuutazama mti. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya karibu tani 145,000, ikiwa miongoni mwa wakubwa wa dunia. Kwa matumaini hayo tulikopa, Benki ya Dunia ikiwamo, tukajenga viwanda zaidi ya kumi vyenye mashine za Italia na Japani. Wakati huohuo watu walikuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na mikorosho yao ikabaki kwenye mahame, mbali na macho. Bei aliyolipwa mkulima haikumfanya atembee kilomita kumi kwenda kufyeka. Majani yakapanda, moto wa kiangazi ukapita, na ubwiri unga ukakuta miti isiyo na mwenyewe. Kufikia msimu wa 1986/87 makusanyo yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vilikamilika na hakukuwa na cha kubangua. Vingine viligeuzwa maghala ya kuhifadhia kile ambacho vilijengwa kukibangua.

Mti umerudi tangu hapo, kwa salfa, kwa soko huria la miaka ya 1990 na kwa stakabadhi ghalani iliyoanza Mtwara msimu wa 2007/08. Mwaka 2017/18 tulivuka tani 300,000, na msimu wa 2024/25 zaidi ya tani 500,000, huku minada ikiendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania. Katikati yake kuna Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei ambayo serikali iliikataa, na Rais Magufuli akaagiza jeshi lisombe korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya kijeshi kwenye maghala ya korosho ni picha isiyosahaulika. Lakini korosho haijui amri: ikikaa ghalani miezi mingi, kiini hubadilika rangi na ratili hushuka, na kila mwezi wa kutafuta mnunuzi ulikuwa unakula ndani ya ile kilo iliyolipiwa.

Sehemu kubwa ya korosho yetu bado inaondoka na ganda lake. Wanasiasa hulieleza hili kama uvivu wa viwanda, na wenye viwanda hulieleza kama ubaya wa mnada. Ugumu wenyewe uko kwenye kalenda. Mavuno yetu yanatoka kati ya Oktoba na Januari, wakati Afrika Magharibi, India na Vietnam hazivuni. Ndiyo nguvu yetu ya bei. Lakini ina maana pia kwamba kiwanda cha Mtwara kinatakiwa ndani ya miezi mitatu kinunue akiba ya mwaka mzima, kwa fedha taslimu, kwenye mnada ule ule ambapo mshindani wake ana mkopo wa riba ndogo kutoka Asia. Kikikosa, wafanyakazi wake wanakaa nyumbani ifikapo Mei. Vietnam, ambayo tangu 2006 imeipita India katika kuuza korosho iliyobanguliwa, ilishinda kwa mashine zake za kukatia ilizojitengenezea na kwa uwezo wa kununua korosho ya Ivory Coast, Cambodia na yetu, mwaka mzima, kwa zamu. Haitegemei mavuno yake.

Kisha kuna ustadi. Kiini kizima cheupe kina bei yake, kilichovunjika kina bei nyingine ya chini kabisa. Korosho hupikwa kwa mvuke, hupozwa, hukatwa ganda bila kukigusa kiini, hukaushwa, humenywa kile kiganda chembamba, kisha hupangwa kwa ukubwa; daraja maarufu la W320 ni viini visivyozidi 320 kwa ratili. Kina mama wanaobangua kwa mashine za mguu mitaani Mtwara hupaka mikono mafuta au majivu ili utomvu usiwaunguze, na mwenye mkono mwepesi huachia vipande vichache kuliko mashine nyingi. Ganda lenyewe lina mafuta yanayotumika kwenye breki za magari, rangi na vanishi, na likishakamuliwa ni kuni nzuri ya kuchemshia. Tunapolisafirisha tunawalipia wenzetu nauli ya kuni zao.

Kuzuia korosho ghafi isitoke nako kumejaribiwa. Kenya ilipiga marufuku mwaka 2009. Pale Kilifi kulikuwa na kiwanda cha tangu miaka ya 1970 ambacho kilikuwa kimekwisha anguka, na marufuku haikuiponya mikorosho ya Kilifi, Kwale na Lamu, ambayo mingi ilipandwa zamani na haikuhudumiwa. Mnunuzi mmoja aliyepungua mlangoni ni sababu moja zaidi ya kutopuliza dawa. Msumbiji ilipita njia ya kinyume: katikati ya miaka ya 1990, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, ilifungulia korosho ghafi itoke, na viwanda vyake vikafunga milango huku maelfu ya wafanyakazi wakirudi nyumbani. Mkulima hakuonja tofauti kubwa ya bei iliyoahidiwa. Ukizitazama nchi hizi mbili pamoja unaona kwamba lango, liwe wazi au limefungwa, halijazi kiini.

Sijataja bado kilicho kizito kuliko vyote. Bibo lina uzito wa mara tano hadi kumi ya korosho yake. Kwa mavuno ya tani 500,000 za korosho, miti imeangusha tani milioni mbili na nusu kwa uchache za tunda lenye vitamini C nyingi kupita chungwa, na karibu lote limeozea chini. Sababu inaeleweka: bibo likianguka limepondeka, na kesho yake limechacha. Lina ukakasi unaokaza koo. Watoto hulila kwa chumvi, wazee wa kusini hulitengenezea uraka, na mvuke wa uraka huwa nipa, kinywaji ambacho mahakama za mwanzo zinakifahamu vizuri. Kule Goa nchini India, kinywaji cha namna hiyo hiyo, feni, kimesajiliwa tangu 2009 kama bidhaa ya asili ya eneo lile na huuzwa madukani kwa chupa yenye lebo. Brazil huchuja maji ya bibo, huyatoa ukakasi, huyachemsha ndani ya chupa hadi yawe ya dhahabu, na kuyauza bila kilevi chochote. Ukakasi huondoka hata jikoni: uji mwepesi wa muhogo ukimiminwa kwenye maji ya bibo, huugandisha na kuushusha chini, ukachuja. Kwa nini shule ya msingi iliyozungukwa na mikorosho inanunua juisi ya unga kutoka dukani ni jambo ambalo maofisa lishe wa kusini wangetusaidia kulijibu.

Kwenye korosho yenyewe, pendekezo langu ni dogo na halihitaji sheria mpya. Kila AMCOS iwe na bambo, mkasi wa kukatia na mizani ndogo, na mtu mmoja aliyefundishwa. Si lazima akate sampuli ya kila mkulima. Akate ya kila kitongoji, siku ya kupokea, mbele ya watu. Ghala ligawe malipo katika ngazi mbili au tatu za ratili badala ya wastani mmoja. Wataalamu wa ushirika watasema italeta ugomvi kijijini, na italeta, kwa msimu mmoja au miwili, kwa sababu kitongoji kitajua kwa mara ya kwanza kwamba kina ratili 46 wakati cha ng'ambo ya barabara kina 51. Wakishajua, watauliza cha ng'ambo kilipuliza lini.

Kabla ya hapo, mkutano mkuu wa chama chako ukiitishwa, usikimbilie swali la bei ya msimu ujao, kwa sababu hakuna aliyeko pale mbele anayeijua. Omba majibu ya kukatwa kwa sampuli za ghala lenu msimu uliopita: ratili ngapi kwa gunia, unyevu asilimia ngapi, madoa kiasi gani, korosho ngapi kwa kilo. Aliyenunua mzigo wenu alizijua namba hizo kabla ya kutaja bei.